Samaki Huyu Kavuliwaje?



Wengi wenu mwaikumbuka sikukuu ya Kipaimara ya mwaka 2014, Baba Askofu alipotutembelea na watoto wetu wakawekewa mikono. Siku ile kamati ya chakula ilipata bahati, au tuseme tulidhani ni bahati. Alfajiri sokoni palikuwa na changu na pono tele, kwa bei iliyokaribia nusu ya ile tuliyoizoea. Tulinunua matenga mawili, tukamshukuru Mungu. Akina mama wa Umoja wa Mama wakaketi nyuma ya kanisa chini ya mwembe, wakaanza kupaa samaki huku wakiimba.

Haukupita muda bibi mmoja, mjane wa mvuvi, akaweka kisu chake chini. Alikuwa amempasua changu. Tumboni mlijaa damu iliyovilia, na mbavu zilikuwa zimeachana na uti wa mgongo. Akampasua wa pili, naye vile vile. Macho yalikuwa maangavu kama ya samaki wa leo, lakini nyama ilikuwa tepetepe kama ya samaki wa juzi. Bibi akasema, "Wa baruti hawa," akanyamaza.

Hapo yakazuka majadiliano ambayo hatujayamaliza mpaka sasa, na ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Mmoja wetu alisema kwamba samaki wamekwisha kufa, fedha imekwisha kulipwa, na kuwatupa ni dhambi juu ya dhambi. Mwingine, mwalimu wa dini, akatukumbusha ya kuwa Mtume Paulo aliwaambia Wakorintho wale kila kinachouzwa sokoni pasipo kuuliza maswali kwa ajili ya dhamiri (1 Kor. 10:25). Wa tatu akauliza, je, Baba Askofu atakula nini? Muda ulikuwa umekwenda na wageni walikuwa njiani. Basi samaki wakapikwa, nasi tukala. Bibi alinawa mikono, akaenda kuchagua mchele, na mchana ule alikula wali kwa maharage bila kumsema mtu.

Twaandika haya tukiwa miongoni mwa waliokula. Msomaji asidhani kwamba tumepanda mimbarini kuwahukumu wavuvi. Wavuvi walio wengi katika pwani yetu ni majirani zetu Waislamu, nasi hatuna haki ya kuwafundisha juu ya bahari wakati vidole vyetu vinanuka mchuzi.

Kwanza tuseme baruti hufanya nini, maana wapo wakristo wa mjini wanaodhani kuwa ni njia ya haraka tu ya kufanya jambo lile lile. Mshipi humchukua samaki mmoja mmoja. Dema, lile tego la kufumwa linalotegwa penye mwamba, humpokea anayeingia, na matundu yake yakiwa mapana wadogo hutoka. Hata jarife lenye macho makubwa huchagua, kwa kuwa samaki mdogo hupita katikati. Baruti haichagui. Mshindo wake hupasua kile kibofu cha hewa kinachomsaidia samaki kuelea, na kwa hiyo wengi wa waliokufa huzama badala ya kuelea juu. Mvuvi hukusanya awezao kuwaona na kuwazamia. Waliobaki huoza chini. Mayai, wana wachanga na viumbe vyote vya karibu hufa pamoja nao.

Na baya kuliko yote ni matumbawe. Tumbawe si jiwe. Ni nyumba iliyojengwa na viumbe hai wadogo sana kwa chokaa wanayoitoa miilini mwao, na baadhi ya matumbawe makubwa hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Chupa moja ya baruti huvunja kwa sekunde moja kazi iliyoanza kabla babu zetu hawajazaliwa. Vipande vilivyovunjika huviringishwa huku na huko na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika mizizi (kama twaweza kusema hivyo) juu ya kokoto zinazotembea. Ndiyo maana mahali palipopigwa sana hubaki jangwa kwa miaka mingi hata kama baruti imekoma. Kweli matumbawe yetu yana adui wengine pia; mwaka 1998 joto la bahari liliua mengi katika Bahari ya Hindi yote ya magharibi, wala hakuna mvuvi aliyefanya hilo. Lakini nyumba iliyochomwa na jua haihitaji kuongezewa baruti.

Serikali ya Tanzania ilikataza uvuvi wa namna hii kwa sheria tangu mwaka 1970. Hata hivyo uliendelea, na katika miaka ya 1980 na 1990 ulizidi. Mwaka 1997 na 1998 vyombo vya dola viliingia kazini, milio ikapungua, kisha baada ya miaka michache ikarudi. Mwaka 2015 watafiti walikokota vyombo vya kusikiliza sauti chini ya maji kando ya pwani yetu, wakasikiliza kwa saa 231. Walihesabu milipuko 318. Zaidi ya nusu yake, karibu asilimia 62, ilisikika ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Tuyatafakari maneno hayo, ndugu. Milipuko haikuwa mingi zaidi katika vijiji vya mbali vyenye njaa kali. Ilikuwa karibu na soko kubwa kuliko yote nchini, karibu na wanunuzi, yaani karibu na sisi.

Kuanzia mwaka 2016 ulifanyika msako mkali na baruti ilipungua sana. Tunalo la kushukuru hapo. Basi wako watakaosema swali letu limekwisha. Sisi hatuoni hivyo. Baruti ilikuwa na fadhila moja tu, nayo ni kwamba ilipiga kelele. Kokoro halipigi kelele. Wavu ule wenye macho madogo huburutwa juu ya majani ya bahari, mahali ambapo tasi na changu wachanga hujificha mpaka wakue, na huzoa wote, wa kula na wasioliwa. Nao umekatazwa, lakini nenda ufukweni asubuhi utazame mafungu ya visamaki vya urefu wa kidole yanayouzwa kwa ajili ya kukaangwa. Na anayevila ni nani? Tena twarudi pale pale chini ya mwembe.

Turudi kwa Mtume Paulo, maana yeye ndiye tuliyemfanya wakili wetu siku ile. Nyama aliyoisema ilikuwa ya wanyama waliochinjwa mbele ya sanamu. Hoja yake ilikuwa nyepesi na yenye nguvu: sanamu si kitu, dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana, na nyama ile haikuharibika kwa kupita mbele ya kisicho kitu. Hakuna aliyedhulumiwa kwa nyama ile. Je, twaweza kusema hivyo juu ya changu mwenye mbavu zilizovunjika? Mwamba ni kitu. Samaki walioozea chini ni kitu. Mvuvi wa dema aliyekwenda pale pale juma lililofuata akarudi na tego tupu ni mtu, na watoto wake ni watu. Kwa hiyo tulipolitumia neno la Mtume tulilitumia kama mtu anayeazima ufunguo wa nyumba nyingine.

Tena hatukusoma mbele. Paulo anaendelea papo hapo kusema kwamba mtu akikuambia kitu hiki kimetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya yeye aliyekuambia. Bibi alituambia. Alisema kwa sauti, mbele ya akina mama wote, wa baruti hawa. Tangu dakika ile hatukuwa tena watu wasiojua. Wala Mtume hakutuwekea sharti kwamba anayetuambia awe na madaraka kanisani.

Hata hivyo yatupasa kuzipima hoja za upande wa pili kwa haki, maana ni nzito.

Ya kwanza ni njaa. Wakati wa kusi bahari huchafuka, ngalawa haiwezi kwenda mbali, na mwenye watoto sita hana akiba benki. Akilivuta kokoro anapata mboga ya leo. Sisi wenye mishahara, au wenye watoto wanaotutumia fedha kutoka mjini, twaweza kusema kwa urahisi kwamba afikirie mwaka kesho. Yeye mwaka kesho haumo ndani ya sufuria yake. Tena mara nyingi mwenye kuvuta si mwenye wavu. Pato hugawanywa mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu, na kinachobaki ndicho cha mabaharia. Anayekamatwa na doria ni kijana aliyelowa maji, na mwenye mali amelala nyumbani kwake. Sisi twasema wazi ya kuwa dhambi hii haipimwi kwa mizani moja. Yule aliyenunua baruti, akamkabidhi kijana asiye na kazi, na kijana akapoteza mkono (nasi sote twawafahamu watu waliopoteza mkono pwani hii), huyo atajibu zaidi kuliko kijana.

Sheria ya Musa ina neno dogo ambalo huenda wengi wetu tumelipita bila kulitazama. Imeandikwa kwamba ukikuta kiota njiani, mama amelalia makinda au mayai, waweza kuwachukua wana, lakini mama umwache aende (Kum. 22:6-7). Angalieni jinsi lilivyo na huruma kwa pande zote. Halimkatazi mwenye njaa kula. Halimwambii apite na mikono mitupu kwa sababu ndege ni wazuri. Lamwambia tu kwamba asimalize kiota. Na ahadi iliyofungwa kwenye neno hilo ni ahadi ile ile inayofuatana na kuwaheshimu baba na mama, yaani mema na wingi wa siku.

Lakini baharini nani ajuaye mama ni yupi? Hapa ndipo elimu inapokuwa sehemu ya wema. Chewa, kwa mfano, ana maisha ya ajabu: aina nyingi za chewa huanza wakiwa majike, na baadaye, wakiisha kuwa wakubwa, baadhi yao hugeuka madume. Ukiwachukua wakubwa wote umewaacha majike bila madume. Pono tunayemchoma kwa ndimu ndiye anayekwangua ukoka wa baharini juu ya mwamba ili matumbawe yapate pa kukua, na mchanga mwingine mweupe wa fukwe zetu hutoka tumboni mwake. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Hukaa pangoni akiyalinda mayai yake, hali chakula, na yakiisha kuanguliwa hufa. Yule anayemchokoa kabla ya hapo amechukua mama na kiota pamoja. Mambo haya wazee wa pwani waliyajua sehemu kubwa kwa macho, na wataalamu wameyathibitisha kwa vipimo. Asiyejua hana hatia kubwa. Lakini aliyeambiwa amekwisha kuambiwa.

Hoja ya pili twaisikia hata vinywani mwa wacha Mungu: bahari haiishi, Mungu ndiye ajazaye. Wenye kusema hivi wana wenzao mashuhuri. Mwaka 1883 huko London, mtaalamu mkubwa wa viumbe, Thomas Huxley, alihutubia maonyesho ya uvuvi, akasema kwamba uvuvi mkubwa wa baharini yaelekea hauwezi kumaliza samaki, akitaja zana zilizotumika wakati ule. Sehemu hiyo ya mwisho, ya zana, wengi waliisahau.

Miaka zaidi ya mia moja ikapita. Pwani ya Newfoundland, nchini Kanada, palikuwa na samaki aitwaye cod, kwa wingi ambao watu waliulinganisha na mchanga. Vizazi kwa vizazi vya wavuvi, na miongoni mwao Waanglikana wengi kama sisi, walimvua kwa mishipi na mitego kutoka vijiji vidogo vyenye kanisa na gati. Kisha zikaja meli kubwa za kukokota nyavu, zenye viwanda na majokofu ndani yake, kutoka nchi nyingi. Mwaka 1968 peke yake walivua tani zaidi ya 800,000. Baadaye Kanada ikawaondoa wageni, ikajenga meli zake yenyewe, ikaendelea. Wavuvi wadogo walisema samaki wanapungua; hesabu za wakubwa zikasema bado wapo. Mwezi wa Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi ule kabisa, na watu kama 30,000 wakakosa kazi kwa tangazo moja. Walidhani ni kwa miaka miwili. Ufungaji ule uliondolewa mwaka 2024, yaani baada ya miaka 32, na kiasi kilichoruhusiwa mwaka huo kilikuwa tani 18,000. Mtoto aliyebatizwa mwaka wa kufungwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Mungu hujaza, twaamini. Lakini tusome vizuri. Katika Mwanzo, baraka ya kuzaa na kuongezeka na kuyajaza maji samaki walipewa wao wenyewe, nao waliipata siku ya tano, kabla mwanadamu hajaumbwa (Mwa. 1:22). Baraka yetu ya kutawala ilikuja baadaye. Sisi hatuoni jinsi baraka ya pili iwezavyo kuwa ruhusa ya kuifuta ile ya kwanza. Naye nabii Habakuki, alipotaka kumwonyesha mfalme mwenye kiburi, alimfananisha na mvuvi anayeutolea wavu wake sadaka na kulifukizia juya lake uvumba, kwa sababu vyombo hivyo ndivyo vimnenepeshavyo (Hab. 1:16). Mtu wa namna hiyo amekwisha kuacha kumwomba Mungu ajaze, anauomba wavu.

Hoja ya tatu ndiyo inayotusumbua zaidi, nayo ni hii: nikiacha mimi, atachukua mwingine. Mvuvi anaona samaki mchanga, anasema moyoni, nikimwachia akue, jirani atampata jioni. Jirani naye asema vivyo hivyo. Hivyo watu wawili, ambao kila mmoja angependa samaki akue, wanashirikiana kumwua akiwa mdogo. Tena wakiinua macho waona taa za meli za kigeni. Mwaka 2009 ilikamatwa katika maji yetu meli iitwayo Tawariq 1, ikiwa imebeba shehena kubwa ya jodari, na wengi wenu mwawakumbuka wale samaki waliogawiwa mahospitalini na mashuleni, watu wakawaita samaki wa Magufuli kwa kuwa ndiye aliyekuwa waziri mhusika. Mvuvi wa ngalawa auliza: mwanitaka niache visamaki vitano, na yule je?

Ni swali la haki, na hatuna budi kukiri kwamba asiyekwenda kumwuliza mkubwa hana uso wa kumwuliza mdogo. Lakini kosa la mwenye meli haliigeuzi kokoro kuwa dema. Tasi wachanga wa ghubani kwetu hawakuliwa na meli ya jodari.

Na ipo mifano ya watu waliolijibu swali la "mwingine" kwa njia moja tu inayoweza kulijibu, yaani kukaa pamoja na huyo mwingine. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilikubaliana kufunga sehemu ya miamba yake kwa miezi kadhaa pasivuliwe pweza. Pweza hukua upesi mno, na walipofungua walipata wakubwa kuliko waliowazoea. Vijiji jirani vikaiga. Hata Pemba, huko Kisiwa Panza, wenyeji wamefunga miamba yao na kuifungua kwa namna hii. Hakuna aliyewaambia kwamba pweza ni wazuri wa kutazama. Waliahirisha mlo, wakaula mkubwa zaidi.

Hapa twaomba radhi kwa kukaa kidogo, kwa sababu katika habari hizi njema mna jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka. Mwamba wa pweza ni wa nani? Wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, wanaokwenda mwambani na vijiti vyao mara nyingi ni wanawake: wajane, walioachwa, mabinti, vikongwe. Hawana ngalawa. Mwamba ukifungwa kwa miezi mitatu, mwanamume mwenye chombo anakwenda maji marefu. Mwanamke huyu anakwenda wapi? Na siku ya kufungua, mbio zikianza, nani hufika wa kwanza? Jambo jema lililoamuliwa kikaoni na wanaume wenye vyombo laweza kuwa mzigo wa mwanamke ambaye hakuitwa. Ni hivyo pia kwa hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995, na faida yake kwa miamba twaiamini. Lakini mvuvi akatazwapo kuingia katika ghuba ya babu yake, huku mgeni analipa kiingilio na kuogelea, mtu huyo ana swali ambalo halijibiwi kwa takwimu za samaki.

Kwa hiyo twaona kwamba kuvua kwa kiasi ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la hesabu. Kuna haki ya wale ambao hawajazaliwa, nao hawawezi kuja kikaoni. Wako wanaosema kwamba huwezi kumdhulumu mtu asiyekuwapo. Sisi twajibu kwa mfano ulio karibu: mzee anayekula mbegu yote ghalani amemdhulumu mjukuu wake hata kama mjukuu bado yumo tumboni, na kama sivyo, basi neno urithi halina maana, wala hatungewabatiza watoto wachanga. Lakini kuna pia haki ya walio hai, wenye njaa leo, na hatuwezi kuwalipia wajukuu zetu kwa mfuko wa mjane. Haki hizi mbili zikigongana, aanze kutoa aliye nacho. Aanze mnunuzi kabla ya mvuvi, na mwenye nyavu kabla ya mvutaji.

Basi jikoni je? Mwaka uliofuata, 2015, halmashauri ya kanisa ilijadili jambo hili kwa saa mbili, muda mrefu kuliko tuliowahi kuutumia kujadili paa linalovuja. Tukakubaliana kwamba kwa sikukuu za kanisa samaki watanunuliwa kwa wavuvi wa mshipi na dema tunaowajua kwa sura, kwa kuagiza mapema, na kwamba wakikosekana tutapika kunde. Mhazini alituonya juu ya bei, na alikuwa na haki: mwaka wa kwanza matumizi yalipanda, watu wakapata kipande kimoja badala ya viwili, na wapo waliotutania kwamba Umoja wa Mama sasa ni idara ya uvuvi.

Hatukuweza kukubaliana juu ya jambo moja. Mmoja wa dada zetu, tusiyemtaja, huishi kwa kukaanga visamaki vile vidogo na kuviuza kwa mafungu kandokando ya barabara. Amesomesha watoto watatu kwa karai lile. Alisimama kikaoni akasema: "Baba zangu na mama zangu, samaki mkubwa siwezi kumnunua. Nikimnunua, wateja wangu hawawezi kuninunulia. Mnaniambia nifanye nini?" Padre alinyamaza. Mwalimu wa dini naye, aliyetufungulia Wakorintho siku ile, hakuwa na aya.

Tulichofanya ni kidogo. Tulichanga fedha tukamkopesha mtaji wa kuanza na dagaa, wale wanaovuliwa kwa taa usiku wa giza, ambao wakubwa wao ni wadogo na hawahitaji kuwa kitu kingine. Miezi mingine dagaa wapo, miezi mingine hawapo, hasa mbalamwezi ikiwa kubwa. Wakiwapo hukaanga dagaa. Wasipokuwapo hukaanga visamaki vya kokoro, nasi tupitapo barabarani twamwona, naye atuona, tunaamkiana.

Bibi yule alifariki mwaka 2019. Kipaimara cha mwaka huu samaki walitoka kwa mvuvi wa dema anayetegea nje ya mkondo, jirani wa marehemu mumewe. Alileta tenga moja na nusu, akaomba msamaha kwamba hakupata zaidi kwa kuwa maji yalikuwa mafu juma zima. Akina mama waliwapasua wote wakiwatazama mbavu, ingawa walimjua aliyewavua, kisha wakaongeza kunde sufuria mbili.